Lenzi moja ndani ya boti ya Kibirizi: Canon 18-135 STM baada ya miaka mitatu

Boti ya kwenda Mwamgongo haina siti, ina mbao. Unakaa unapopata, na ukishakaa ndiyo imetoka hiyo: mbele yako gunia la unga, nyuma yako mama mwenye kuku wawili waliofungwa miguu, mapajani begi lako. Asubuhi moja tumetoka Kibirizi tunapeleka harusi, mashangazi wanne wa bwana harusi wakasimama kule mbele ya boti kujifunga upya vitenge vyao vya sare. Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya milima, limewapiga ubavuni, na nyuma yao ziwa bado jeusi. Picha ile ilidumu labda nusu dakika. Nilikuwa na lenzi fupi kwenye kamera na lenzi ndefu ndani ya begi, na begi lilikuwa chini ya mkono wa mtoto wa watu aliyelala. Nilipomaliza kumwamsha, kufungua zipu na kuchomoa lenzi huku maji yananirukia, mashangazi walishakaa, wanakula maandazi.

Nahodha aliniona ninavyohangaika akacheka. "Mama picha, kamera yako inataka watu wasimamishwe kwanza kama pasipoti."

Hilo ndilo lililonifanya nitafute lenzi moja ya kusafiria. Nimekuwa nayo miaka mitatu sasa, na kwa kuwa vijana wengi wanaoanza kazi hii huja studio kuniuliza wanunue ipi, naandika yote mara moja ili nisiwe narudia kila Jumamosi.

Mimi nina studio ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Siku za kawaida ni pasipoti saizi, vyeti vya kukopi, na picha za familia siku ya Idi na Krismasi. Kinachonilipa hasa ni kusafiri: harusi, vipaimara na maulidi ya vijiji vya mwambao, Kagunga kaskazini karibu na mpaka wa Burundi, Ilagala kusini, mara mojamoja hadi Buhingu. Kwa hiyo nisemapo lenzi ya safari nazungumzia kitu kinachopanda boti, treni na bodaboda siku moja, na mwisho wa siku kimpige bibi harusi apendeze.

Kamera yangu ni Canon EOS 700D, toleo la 2013. Si mpya na sioni haya. Lenzi yenyewe ni EF-S 18-135mm f/3.5-5.6 IS STM, iliyotoka 2012. Jina refu kama la mtoto aliyerithi majina ya babu wote, lakini kila kipande kina kazi. EF-S maana yake imetengenezwa kwa kamera zenye sensa ndogo (sensa ya kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, siyo ile ya kuhesabu watu), kwa hiyo kama una Canon yenye sensa kubwa, kama 6D au 5D, usiiguse, haiingii. f/3.5-5.6 ni upana wa tundu linaloingiza mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. IS ni kile kifaa cha ndani kinachotuliza mtikiso wa mkono. STM ni aina ya mota ya kufokasi. Ni kimya, ukirekodi video kanisani maiki ya kamera haisikii miguno. Halafu zile namba mbili, 18 na 135, ni urefu wa lenzi kwa milimita: ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu. Ndizo unazonunua.

Zifasiri hivi. Simama mita kumi kutoka kwenye kitu. Kwenye 18, fremu yako inabeba upana wa zaidi ya mita kumi na mbili: nyumba nzima na mwembe wake na watu waliokaa chini ya mwembe. Zungusha hadi 135 bila kusogeza mguu, fremu ileile inabeba upana wa kama mita 1.65, yaani mtu mmoja aliyekaa kitako. Waliotokea kwenye kamera za filamu wazidishe kwa 1.6, watapata kama 29 hadi 216. Zile mita kumi zikumbuke, nitazirudia tukifika Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe.

Kabla ya hii nilishafanya makosa mawili, na yote nililipia.

La kwanza ni kuamini urefu. Vijana wa kamera wanapenda namba kubwa kama wanavyopenda spika kubwa. Nikanunua lenzi ya mpaka 300, isiyo na kituliza mtikiso. Nchi kavu, jua la mchana, inapiga. Ndani ya boti yenye injini inayotetema chini ya makalio yako, kila picha ina watu watatu pale aliposimama mmoja. Nilikuwa nalazimika kupandisha shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga jicho lake, mpaka 1/500 ya sekunde au zaidi, na kupandisha shata kunakula mwanga, na mwanga wenyewe saa kumi na mbili asubuhi uko wapi.

La pili linaniuma zaidi. Niliona lenzi ya 18-hadi-kitu inauzwa mji mwingine, sitautaja wala sitataja muuzaji. Picha alizonituma zilikuwa safi, bei ilikuwa chini, nikatuma hela kwa simu. Ikaja kwa basi, imeviringishwa gazeti ndani ya boksi la viatu. Jumapili yake nikaenda nayo kipaimara. Kila mshumaa wa altare ulikuwa na ukungu kuuzunguka, na watoto waliosimama kwenye mlango uliojaa jua walionekana kama wako nyuma ya chandarua. Nilidhani nimesahau kufuta kioo. Nilifuta mbele, nikafuta nyuma, bado. Jioni nikawasha tochi ya simu nikaimulika lenzi kutokea nyuma, nikachungulia kwa mbele. Kulikuwa na kuvu ndani, nyuzi nyembamba zimetandaa kama utando wa buibui.

Nikampigia. "Dada yangu, hilo ni vumbi tu, litatoka lenyewe."

Kuvu haitoki yenyewe. Inapenda giza na unyevu, na ikikaa muda mrefu inakula rangi ile ya kinga iliyopakwa juu ya vioo, kiasi kwamba hata fundi akiifungua na kuisafisha, alama inabaki. Na fundi wa kufungua lenzi na kuirudisha vioo vikiwa sawasawa si mtu utakayemkuta kila kona. Hela ile niliihesabu kama ada ya shule.

Kwa hiyo hii ya sasa niliinunua kwa macho yangu, mtumba, kutoka kwa kijana wa Ujiji aliyekuwa anahamia kwenye video za simu. Aliomba laki tano na nusu, tukamalizana kwa laki nne na nusu baada ya soda mbili. Nilikaa naye karibu saa nzima na hakufurahi, lakini mnunuzi wa mtumba asiyeona haya ndiye anayelala usingizi.

Nilianza na tochi, bila shaka. Vumbi dogo ndani lipo karibu kila lenzi iliyotumika na halionekani kwenye picha. Ninachotafuta ni nyuzi au mawingu. Kisha nikaangalia vichwa vya skurubu kwenye shingo ya lenzi, kama vimechunika ujue kuna mtu alishaifungua. Shingo yenyewe ni ya chuma, tofauti na ile 18-55 ya plastiki iliyokuja na kamera yangu, na vidoti vile vya dhahabu vinavyoongea na kamera vilikuwa safi. Nikaivalisha kwenye kamera yangu, siyo yake. Nikabonyeza nusu: unasikia mlio mdogo kama wa inzi ndani ya chupa, na picha kwenye kioo cha kutazamia inatulia ghafla. Hiyo ndiyo IS, iko hai. Nikazungusha kutoka mwanzo hadi mwisho nikisikiliza kama kuna mchanga. Mwisho nikamwomba tutoke nje, nikapiga ukuta wa tofali za kuchoma wa jirani, nimesimama mbele yake sawasawa, kwenye 18, kwenye 50 na kwenye 135, nikakuza pembe zote nne kwenye skrini. Kona moja ikiwa na ukungu na tatu ni kali, lenzi hiyo ilishaanguka, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Zangu zilikuwa sawa. Kijana akaniambia, "Mama, wewe ungekuwa daktari wa meno."

Basi, kazini ikoje?

Kwa asilimia kubwa ya siku zangu siitoi kwenye kamera, na hapo ndipo ilipolipa deni lake. Treni ya kwenda Dar inaposimama Tabora, una dakika zako chache dirishani: kwenye 18 unapata safu ya akina mama na chupa za asali vichwani, unazungusha, kwenye 100 na kitu unapata mikono miwili inayobadilishana noti na chupa. Ujiji, pale kwenye kumbukumbu ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, wageni wanataka mnara wote na miembe, halafu wanataka maandishi ya kibao. Ni mzunguko wa mkono mmoja. Mgeni wa harusi asiyejua kama anapigwa picha, aliyeko upande wa pili wa turubai, huyo ni 135. Uzito wake ni gramu 480, pungufu kidogo ya nusu kilo ya sukari, na kwa siku ya harusi inayoanza saa kumi alfajiri na kuisha watu wanapochoka kucheza, shingo yangu inaushukuru uzito huo.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Ukiwa na lenzi kubwa kama bomba la maji, kila unapokwenda kuna mtu wa kukuuliza kibali. Bandarini na stesheni uombe ruhusa hata hivyo, hiyo ndiyo taratibu, lakini mazungumzo ya mtu mwenye kamera ya kawaida huwa mafupi zaidi.

Stesheni ndipo utakapoona udhaifu wake wa kwanza. Jengo lile la Wajerumani, mwisho wa reli ya kati iliyofika hapa 1914, limejaa mistari iliyonyooka. Ukilipiga kwenye 18, ukingo wa paa unapinda kama pipa. Sogea nyuma upige kwenye 24 au 28, utaona mistari inarudi kukaa. Kompyuta inaweza kunyoosha, ila mimi napendelea kutembea hatua kumi. Pembe za picha nazo huwa nyeusi kidogo kwenye 18 tundu likiwa wazi lote; funga mpaka f/8 na hutaona kitu. Majani ya mwembe dhidi ya anga jeupe yatavaa mstari mwembamba wa zambarau, na bibi harusi hajawahi kuniuliza habari zake.

Sasa Gombe, ambako lenzi hii ilinifundisha kitu ambacho wauzaji hawakisemi.

Harusi ile ya Mwamgongo ilikuwa na wageni kutoka Dodoma. Mwamgongo inapakana na hifadhi kwa upande wa kaskazini, kwa hiyo wakaamua hawawezi kurudi bila kuona sokwe, wakanichukua niwapige. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zinanyesha, msitu umefunga juu kama paa la makuti. Watu wengi huja miezi ya kiangazi, kuanzia wa saba hivi, njia zikiwa zimekauka. Sisi tulipanda mlima ule kwa matope na barakoa usoni, na barakoa inapeleka pumzi yako moja kwa moja kwenye kioo cha kutazamia. Nusu ya safari nilikuwa napiga picha nikiwa ndani ya wingu.

Tukawakuta. Jike limekaa chini ya mti na mtoto wake, wanachokonoana. Masharti ni kukaa mita kumi, na flashi hairuhusiwi. Hapa ndipo nilipokumbuka hesabu yangu: mita kumi, 135, upana wa mita 1.65. Sokwe aliyekaa alijaa fremu vizuri kabisa, na kichwa cha mtoto kwapani. Mgeni mmoja alikuwa na lenzi ya 300 aliyoazima. Kwa mita kumi fremu yake ilikuwa na upana wa sentimita 74. Alirudi na pua nyingi na masikio mengi.

Halafu jike likainuka likaanza kuja upande wetu, polepole, kama mama anayekwenda sokoni na hana habari na mtu. Askari wa hifadhi akasema kwa sauti ya chini, "Rudini nyuma, dada, rudini taratibu, mpeni njia." Sokwe hawajasomewa masharti ya mita kumi, sisi ndio wa kurudi. Nilirudi nyuma huku nazungusha: 135, 90, 60, 35, na katika ile ya 35 yuko njiani na mtoto mgongoni na msitu wote umemzunguka. Ndiyo picha iliyotundikwa studio kwangu, watu wanadhani nimeinunua. Mwenye 300 wakati huo alikuwa anaona manyoya tu.

Kwa hiyo urefu wa lenzi ulinitosha kabisa. Kilichopungua ni mwanga. Ninakaa Mwanga na mwanga ndio ninaokosa, jamaa zangu wameshachoka na utani huo. Ukizungusha kwenda 135, tundu la lenzi linabana mpaka f/5.6. Chini ya miti ile nilikuwa ISO 6400 (ISO ni jinsi unavyoiambia kamera ikuze mwanga mdogo inaoupata) na shata 1/125, na 700D kwenye 6400 inamwaga chenga kama mchele usiopepetwa. IS inatuliza mkono wangu, haimtulizi sokwe; akigeuza kichwa, kimegeuka. Katika picha kama mia mbili za 135, zilizobaki zikiwa kali ni chini ya arobaini.

Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na lenzi ya pili, 50mm f/1.8 STM, kijilenzi cha gramu 160 ambacho hata begi hakihitaji. Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Sokwe walipotulia tena nilibadilisha, huko msituni hakuna maji yanayoruka, na ghafla niko ISO 800, shata 1/160, rangi zimerudi, manyoya unayahesabu. Shida ni kwamba kwenye 50, mita kumi zinakupa upana wa karibu mita nne na nusu, sokwe anakuwa mdogo katikati ya majani. Ukikata picha ya 700D ubaki na zile mita 1.65, unabakiwa na pikseli zaidi ya 1,900 kwa upana. Zinatosha picha ya saizi ya postikadi au ya kutuma WhatsApp, hazitoshi kutundika ukutani. Chagua: kubwa yenye chenga au ndogo iliyo safi. Mimi sasa hupiga zote mbili.

Ndiyo maana mtu akiniambia ana laki saba na anataka lenzi ya mpaka 300 au 400 kwa ajili ya Gombe, namwambia agawanye. Nunua ya 18-135 mtumba, na hela inayobaki nunua hiyo 50. Serengeti ni habari nyingine, kule simba yuko mbali na jua limejaa. Huku kwetu mnyama yuko karibu na kuna giza.

Giza la ziwani usiku pia halitaki 18-135 mkononi. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku usio na mwezi, mwezi ukiwa mkubwa hawaendi kwa sababu taa zao hazivuti samaki, na kutoka juu kule Bangwe taa zinaonekana kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Kwa hapo unahitaji stendi, 18, f/3.5, sekunde kumi mpaka ishirini, na IS uizime, la sivyo yenyewe inatafuta mtikiso usiokuwepo. Taa zitachora vistari kwa sababu boti zinayumba. Mimi navipenda vile vistari. Mume wangu anasema ni picha iliyotikisika.

Jambo ambalo wauzaji hawapendi nilitaje: lenzi hii haina kinga ya maji hata kidogo. Hakuna mpira shingoni, na inaporefuka inavuta hewa, na hewa inakuja na vilivyomo. Mifuko ya plastiki iliondoka sokoni tangu marufuku ya 2019, kwa hiyo mimi hutumia kofia ya nailoni ya saluni, ile ya kuvaa ukiweka dawa kichwani. Inakaa juu ya kamera na lenzi kama imeshonwa, na mpira wake unabana. Ndani ya boti usiegemeze kiwiko kwenye ubavu wa boti, utapokea mtetemo wote wa injini. Kaa wima, mikono ibane mbavu, acha kiuno kifuate mawimbi. Nyumbani inalala kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na vile vipakiti vya kukausha unyevu ninavyoomba kwa wauza viatu. Usiweke mchele, una vumbi.

Yangu pia, kwa kuwa ni mtumba na mimi huining'iniza begani kutwa nzima, huteremka yenyewe ukitembea, unafika unakokwenda imejivuta mpaka 135. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakivisha kati ya sehemu inayozunguka na ile isiyozunguka. Kimetatua. Hudi ya kuzuia jua haiji kwenye boksi, unanunua mbali, na jua la ziwani saa tisa alasiri litakulazimisha uinunue. Na ile pete ya kufokasi kwa mkono inaendeshwa na umeme. Kamera ikiwa imezimwa, zungusha mpaka kesho, hakuna kinachosogea ndani.

Filta ni za milimita 67. Ukipata moja ya polaraiza, inunue kabla ya hudi. Mbele ya lenzi hii haizunguki ikifokasi, kwa hiyo ukishaipanga filta inabaki ulipoipanga. Simama juu ya mwamba Katonga mchana, izungushe taratibu, kuna mahali mng'ao wa maji unatoweka kama mtu amevuta pazia, na unaona mawe ya chini na samaki wadogo wenye mistari wanaozunguka mawe. Inakula mwanga mwingi, kwa hiyo jua likianza kuzama, itoe.

Na jambo moja ambalo sikulitarajia: inasogea karibu. Inafokasi kuanzia sentimita 39, zinazopimwa kutoka kwenye sensa ndani ya kamera, na kwenye 135 fremu inabeba upana wa sentimita nane. Kibirizi dagaa wakiwa wameanikwa, nilichuchumaa nikampiga mmoja. Alijaa fremu kutoka kichwa hadi mkia: jicho limekauka likawa kama kichwa cha pini, ubavuni mstari wa fedha ambao jua halijaufuta, na punje tatu za mchanga zimeganda kwenye tumbo. Mama mwenye dagaa akaja kuangalia kwenye skrini, akanyamaza, akazitoa zile punje za mchanga kwa kucha. "Usimwonyeshe mteja wangu hiyo," akasema. Pete za harusi, hina ya vidoleni, kazi ya sindano kwenye kofia ya bwana harusi, zote nazipiga kwa hii hii.

Wenye Nikon, dada yake wa karibu anaitwa AF-S DX 18-140mm VR, filta zilezile za 67, na yote niliyosema juu ya mwanga yanamhusu. Sony wana 18-135 yao ya mwaka 2018, nyepesi zaidi. Mwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), kama R10 au R50, atafute RF-S 18-150, au anunue adapta atumie hii ya kwangu. Sijazikalia kwenye boti hizo nyingine, kwa hiyo naishia hapo. Canon pia wana 18-135 nyingine ya mwaka 2016 iliyoandikwa USM, inafokasi haraka zaidi. Ukiikuta kwa bei ya karibu na STM, chukua hiyo. Usichanganye na ile ya zamani isiyo na herufi yoyote baada ya IS.

Nina lalamiko moja la mwisho, na hili ni kosa langu. Kifuniko cha mbele kilinidondoka kati ya Gombe na Mwamgongo, kikaelea sekunde mbili, kikanyang'anywa na wimbi. Nahodha akapunguza injini, akaniangalia. "Nirudi?" Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, nikamwambia asonge mbele. Tangu hapo natumia kifuniko cha kopo la mafuta ya nazi, kimekaa kama kimetengenezwa kwa ajili yake. Bibi harusi wa juzi Ilagala aliinusa kamera nilipomsogelea, akaniuliza kama na yenyewe nimeipaka.